Nimeona Dhahabu Kwenye Ukuta wa Nyumba Yetu, na Mke Wangu Hajui

Mpendwa Mama Apolonia, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ambayo rafiki yangu Masudi atafika hapa Tinde na mashine yake, na akishafika mimi najijua, sitaweza kumzuia, na nyumba ambayo mke wangu ameiwaza tangu tuoane itaanza kubomolewa kuanzia stoo.

Watu wananiita Baba Luka. Nusu ya umri wangu imeishia Rwamgasa kule Geita, kwenye maduara, ndiyo mashimo tunayochimbia dhahabu, na mke wangu Noela amekaa nami kule muda wote huo bila kunilaumu, ila kitu kimoja kilikuwa kinamuumiza nacho ni vikombe. Chumba tulichopanga kilikuwa jirani na makarasha, mashine za kusagia mawe, na zikianza kuunguruma ardhi inatetemeka, ukuta unatetemeka, na vikombe kabatini vinatembea, sikutanii Mama, Noela anavipanga asubuhi kwa mstari mzuri na mchana ukifika vimeshasogea mpaka ukingoni, naye anavirudisha kimoja kimoja huku akivisemesha, "Rudini ndani, bado hatujahama." Vingine vilianguka vikavunjika, tukanunua vingine. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Hii nyumba ya Tinde aliiona yeye. Tulikuwa tunatoka msibani, basi likasimama njia panda abiria wanunue mchele, Noela akashuka kunyoosha miguu akachelewa kurudi, nikamfuata nyuma ya maduka mpaka mahali ambapo kelele za barabara zinaanza kufifia na majaruba ya mpunga yanaanza, nikamkuta kwenye uwanja wa watu, ndani ya uzio wa minyaa, amesimama kando ya bibi mmoja anayekata viazi vya kuanika michembe. Amebandika kiganja kwenye ukuta wa nyumba ya yule bibi. Nikamwambia gari linaondoka. Akaniambia, "Baba Luka, weka mkono hapa." Nikaweka. "Umeona? Umetulia." Yule bibi akacheka, akasema, "Sasa mayu, ulitaka utembee uende wapi?" Gari likaondoka bila sisi.

Bibi huyo ni Mama Euphrasia, nesi mstaafu, mjane, na alikuwa anataka kuuza aende kwa mwanawe Mwanza kwa sababu magoti yanamsumbua. Tulinunua kwa taratibu zote, ofisi ya kijiji ilijua, majirani wa pande zote walikuja wakasimama kila mmoja kwenye mpaka wake wakasema mimi naishia hapa, hakuna aliyebisha, na siku ya kukabidhiana Mama Euphrasia alitutembeza chumba kwa chumba akitufundisha nyumba yake, dirisha hili linakaza masika msilivute kwa nguvu, hapa jua la alasiri linaingia hadi kwenye kiti, hapa stoo hapajapigwa lipu maana mzee alifariki kabla hajamaliza. Kisha akapapasa ule ukuta wa stoo akasema, "Matofali haya mume wangu aliyafyatua mwenyewe kwa udongo wa kichuguu kilichokuwa hapa hapa uwanjani. Kilikuwa kirefu kuliko yeye. Kwa hiyo nyumba yenu haijatoka mbali." Noela akamwambia wabeja sana, asante ya Kisukuma, akamkumbatia, wote wawili wakafuta machozi.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na mwili umenisisimka. Mama Apolonia, kama hujawahi kukaa na wachimbaji hutanielewa, lakini sisi tukifika mahali papya kitu cha kwanza kupima ni kichuguu, kwa sababu mchwa wanashuka chini ambako binadamu hajafika na wanapanda na udongo wa kule, na kama chini kuna kitu, kichuguu kitakuambia. Neno moja la bibi wa watu likaniingia na halikutoka.

Nakiri kwamba siku za mwanzo zilikuwa kama za watu wengine, siyo zangu. Alasiri jua linaingia kwa lile dirisha, linatambaa sakafuni polepole, linapanda kwenye kiti, linafika kwenye kabati la vikombe, na nje yangeyange wanatembea kwenye majaruba bila haraka, na mbali sana unasikia lori linapungua mwendo njia panda halafu kimya. Siku moja nilimkuta Noela amekaa tu, mikono mapajani, hana mboga ya kuchambua wala nguo ya kushona. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Naviangalia vikombe." Nikamuuliza vinafanya nini. Akasema, "Havifanyi kitu." Alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona Rwamgasa, nikatamani nikae naye tu pale mpaka jua litoke kabatini. Ningekaa, yote haya yasingetokea.

Noela alipoenda sokoni nikaingia stoo nikakwangua tofali moja, konzi moja tu ya udongo, nikajiambia ni kwa ajili ya kuituliza roho. Nikautwanga kwenye kinu changu cha chuma nilichotoka nacho Rwamgasa, nikauosha kwenye karai langu la siku zote. Hilo karai, Mama, nimekula nalo, nimeugua nalo, limebonyea kila upande na kingo zimepindika, na sijawahi kulisugua hata siku moja kwa sababu kwetu karai ukilisugua kwa sabuni umesugua na bahati yako. Nikalizungusha taratibu, maji yanatoka, udongo unatoka, na pale mwishoni, kwenye mkunjo wa karai, ukabaki mkia mwembamba wa njano. Nilikaa chini palepale, karai mapajani. Nimeijua njano hiyo tangu nikiwa kijana na sikosei.

Tangu hapo siioni nyumba. Naona tofali. Usiku sipati usingizi, na nikilala mchana naota mchwa wamepanda ukutani wanaishusha nyumba punje kwa punje kurudi chini walikoitoa, kuta zinang'aa kisha zinapungua, na Mama Euphrasia amekaa kwenye kiti katikati ya uwanja mtupu anakata viazi kama hajui kwamba nyumba haipo, halafu naviona vikombe vya Noela vinashuka kabatini kimoja kimoja, vinatoka mlangoni, vinapita kwenye uzio wa minyaa, vinashika barabara kuelekea Rwamgasa, na Noela anavifuata peku akiviita. Naamka. Halafu nifanye nini, naingia stoo kukwangua tena.

Nilimpigia Masudi, tumechimba duara moja tangu ujana. Nilitaka tu kumsimulia. Akaniambia, "Patna, kama tofali lina mkia, basi chini ya nyumba kuna mwamba wenyewe. Usiguse kitu, usimwambie mtu, nakuja na mashine." Ni ile mashine inayolia ukiipitisha juu ya ardhi yenye dhahabu. Ameshapata na vijana wa kuchimba, anasema tutaanzia stoo, tukipata mwelekeo tunafuata sebule.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Ukuta wa stoo ndio huo huo wa sebule, na upande wa sebule ndipo kabati limeegemea. Juzi nilikuwa nagonga tofali kwa upande wa stoo, nimeshafanya tundu la kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na nimelificha kwa gunia la mpunga, nikasikia upande wa pili kitu kinagongana, kengele ndogo ndogo, nikajua ni vikombe. Noela alikuwa uwanjani. Nilipotoka nikamkuta ameshaingia sebuleni, ameshika kikombe kilichofika ukingoni, anakitazama kisha ananitazama mimi. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba Luka, hata huku makarasha yamefika?" Nikamwambia ni lori, limepita na mzigo mzito. Akakirudisha kikombe mahali pake, safari hii hakukisemesha. Jioni nikaona ametandika kitambaa chini ya vikombe vyote visiteleze, kama tulivyokuwa tunafanya kule.

Mama Apolonia, niambie nifanye nini. Kama kweli kuna dhahabu, si ni ujinga kulala juu ya utajiri tukiwa tunakula michembe? Nikimwambia Noela atalia, nisipomwambia Jumamosi atayaona mwenyewe. Na je, Mama Euphrasia ana haki na kilichomo ukutani wakati aliniuzia bila kujua? Mimi naipenda hii nyumba, tena nampenda mke wangu kuliko nyumba, lakini mikono yangu hainisikilizi. Nisaidie.

Ni mimi, Baba Luka, Tinde.

MAMA APOLONIA ANAJIBU

Marahaba, Baba Luka. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, nikairudia nikiwa nimesimama, kwa sababu hapo kwenye lori lenye mzigo mzito nilishindwa kuendelea kukaa.

Kwanza nikuondolee wasiwasi kuhusu kuelewa wachimbaji. Nimeolewa na mmoja na nimemzika. Najua mikono isiyomsikiliza mwenyewe, nimezifua nguo zake. Mtu aliyesikiliza ardhi nusu ya umri wake haachi kuisikiliza kwa sababu amekabidhiwa funguo za nyumba, na kwa hilo nakuonea huruma ya kweli. Huruma yangu inaishia hapo kwenye gunia la mpunga.

Sasa nisikilize vizuri. Marehemu mume wangu alikuwa na karai kama hilo lako, limebonyea hivyo hivyo, na yeye pia alikuwa halisugui kwa kuogopa bahati isitoke. Siku moja, kwa mchezo tu, akachota majivu ya jiko langu akayaosha. Akaona mkia. Akaacha chai, akachukua sururu, akaanza kubomoa jiko. Nilimkuta ameshaangusha upande mmoja, ana macho ambayo nadhani Noela ameyaona kwako. Nikamletea sufuria yangu ya ugali, mpya, nikamwambia rudia majivu yale yale humu. Akarudia. Hakukuwa na kitu, Baba Luka. Njano ile ilikuwa ya machimboni, imejificha kwenye mikunjo ya karai mwaka baada ya mwaka, inatoka kidogo kidogo kila akizungusha maji. Tulicheka mpaka majirani wakaja. Lakini nilipika nje kwa muda mrefu na mvua zilikuwa zimeanza.

Na wewe umetwanga kwa kinu cha Rwamgasa na kuoshea karai la Rwamgasa ambalo halijaonja sabuni tangu ulinunue. Umesema hukosei kuijua njano hiyo. Nakubali. Umeijua kwa sababu ni ya kwako, umekuja nayo mwenyewe.

Sisemi ukutani hamna kitu. Sijui. Wewe nawe hujui, na kwa hicho usichokijua umetoboa nyumba, umemdanganya mkeo na umeita vijana wenye sururu.

Najua unachofikiria sasa hivi. Unafikiria ukimbie dukani ukanunue karai jipya. Usithubutu. Ukiona mkia utabomoa, usipouona utasema udongo nimechota juu juu, ngoja niingie ndani zaidi, na tundu la kiwiko litakuwa la bega. Dawa yako haiko kwenye karai la aina yoyote.

Ukiweka gazeti hili chini, mpigie Masudi. Usimwambie asogeze safari mbele, maana siku za mbele zipo nyingi. Mwambie asije na mashine. Kama anataka kuja kama rafiki, aje na mkewe, apikiwe wali wa Tinde, akae uwanjani aangalie yangeyange. Akikuuliza vipi kuhusu mwamba, mwambie umenunua kiwanja cha kuishi, na kweli ndivyo ilivyo, hata serikali ya kijiji waliposimama pale na majirani hawakukukabidhi mgodi. Anayetaka kuchimba ana mlango wake wa kuombea leseni, hapitii stoo ya mtu.

Kisha mwite Noela. Usimwite sebuleni, mwingize stoo, toa gunia, mwonyeshe tundu. Mwambie halikuwa lori. Sentensi hiyo utaisema mwenyewe kwa mdomo wako na utavumilia chochote atakachofanya baada yake. Unaogopa atalia. Baba Luka, mwanamke aliyetandika kitambaa chini ya vikombe ameshalia, ila hakukuita uone. Hasumbuliwi na dhahabu, anasumbuliwa na kutojua kwa nini ukuta aliouwekea mkono ukiwa umetulia umeanza tena kutikisika.

Halafu mpe yeye karai. Mpe moja kwa moja, siyo kwa kulitunza. Akitaka alisugue kwa majivu na sabuni anyweshee kuku, akitaka aoteshee mchicha. Na kama yeye, mwenye nyumba mwenzako, ndiye atakayesema jamani na tujue kilichomo, basi pimeni kwa chombo chake, yeye akiwa amesimama hapo, na neno la mwisho liwe lake. Ninamfahamu kwa barua yako tu, lakini naona mchicha.

Kuhusu Mama Euphrasia, usimsumbue na habari za mkia. Mpigie umjulie hali ya magoti yake, mwambie dirisha linakaza vile vile alivyosema na nyumba yake imesimama. Ila hakikisha unapomwambia hivyo iwe ni kweli. Mumewe alichukua kichuguu, kitu ambacho wewe na Masudi mngekichimba mkaacha shimo, akafanya chumba cha kulala mke wake. Ulipewa habari hiyo siku ya funguo ukaisikia kwa sikio la duara. Mwenzako aliisikia akamkumbatia bibi.

Tundu liziba wewe. Usiite fundi. Chukua udongo wa hapo hapo uwanjani, uukande na majani makavu, ujaze mpaka ndani, kisha upige lipu ukuta wote wa stoo, ile lipu ambayo mzee alifariki hajaimaliza. Ikikauka hutaona tofali tena, utaona ukuta, na macho yako yatapumzika.

Umeniuliza kama si ujinga kulala juu ya utajiri. Lakini ndani ya barua hiyo hiyo umeniambia huwezi kulala. Umeniambia pia kwamba kulikuwa na alasiri moja, jua likiwa kwenye kabati, ukatamani kukaa na mkeo usifanye lolote. Hiyo alasiri ndiyo mliyoinunua. Bado inaingia kila siku kwa dirisha hilo hilo, na wewe uko stoo.

Kule Rwamgasa Noela alikuwa akiviambia vikombe bado hatujahama. Sasa yeye amehama, na vikombe vyake vimehama. Aliyebaki kule ni wewe, unakuja Tinde kulala na kugonga ukuta. Nawa mikono, toa hicho kitambaa chini ya vikombe, uhamie nyumbani kwako.